Je, wajua? Rais akizuiwa kugombea tena, uchaguzi hautoki kichwani mwake

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu langu moja na nilikuwa nalitoa kila mahali, kijiweni, kwenye daladala, kwenye magrupu ya WhatsApp: marais wanawaza kura kuliko kazi, kwa hiyo dawa ni kuwapa muhula mmoja tu, mrefu kidogo, miaka sita hivi, halafu aende zake. Akishajua hagombei tena basi atatulia ofisini afanye kazi ya nchi. Niliona jibu hilo halina pa kulitoboa, na aliyebisha nilimwona tu ana mtu wake anayemtetea.

Nilikosea, na nataka nieleze nilikosea wapi, manake naona watu wengi bado wamekaa palepale nilipokuwa nimekaa.

Kwanza, kwamba marais wanawaza kura, hilo ni kweli, wala sikukosea hapo. Donald Trump alipeleka karatasi zake za kugombea tena kwenye tume ya uchaguzi ya Marekani tarehe 20 Januari 2017, siku ileile aliyoapishwa. Hajalala hata usiku mmoja Ikulu na uchaguzi wa 2020 ulishakuwa na mgombea. Lakini mfano ninaoupenda mimi ni wa zamani kidogo, wa Richard Nixon mwaka 1972, kwa sababu unaweza kuushika mkononi kabisa.

Mwaka ule mafao ya wazee Marekani yalipandishwa kwa asilimia 20. Cheki zenye ongezeko zikaanza kuwafikia wazee mwezi Oktoba, uchaguzi ukiwa Novemba. Mzee anafungua bahasha, anakuta cheki imenona, na pembeni yake kuna kikaratasi kinachomweleza kwamba malipo yake yameongezwa asilimia 20 kwa sheria iliyopitishwa na Bunge na kusainiwa na Rais Richard Nixon tarehe 1 Julai 1972. Na hela ya kulipia hayo yote? Makato ya wafanyakazi yalipanda Januari 1973, kura zikiwa zimeshahesabiwa na Nixon ameshachukua majimbo 49 kati ya 50. Tuwe wa haki hapa, asilimia 20 ilisukumwa na Bunge ambalo lilikuwa mikononi mwa chama cha Democratic, Nixon mwenyewe alitaka ongezeko dogo zaidi ya hapo, ila kikaratasi kilibeba jina lake na wabunge wale nao walikuwa na kura zao za kutafuta. Utamu kabla ya kura, uchungu baada ya kura. Mwaka 1975 mchumi William Nordhaus akaandika hesabu nzima ya mchezo huu na tangu hapo wachumi wameusoma nchi nyingi, kuna mahali unaonekana waziwazi na kuna mahali haushikiki vizuri.

Sasa ukisoma hayo si ndo unasema basi tuondoe huo uchaguzi wa pili, tuone? Hapo ndo nilipoteleza.

Twende shambani kidogo, huko ndiko nilikoelewa. Kwetu pwani ukikodi shamba, mwenye shamba atakuonyesha mipaka, atakutajia bei ya msimu, halafu atakupa sharti: usipande mti. Mahindi sawa, kunde sawa, bamia na mchicha sawa, ila mnazi hapana, mkorosho hapana. Anaogopa mti kwa sababu mti unakaa, na mwenye mti kesho atakuja kudai na ardhi. Lakini hata bila sharti hilo mpangaji mwenyewe hawezi kupanda mnazi, mnazi unakula miaka kabla hujaangua nazi ya kwanza na ye hajui kama msimu ujao atapewa shamba yeye au mwingine. Atapanda mchicha. Mchicha wiki tatu nne unaupeleka sokoni.

Rais anayetaka kurudi ndo mpangaji huyo. Mtaro wa maji machafu chini ya ardhi hauonekani kwenye kampeni, lami inaonekana, kwa hiyo anaweka lami. Hadi hapo hata mimi nilikuwa nakwenda sawa. Ila angalia kitu kimoja zaidi kuhusu mpangaji anayetegemea kuongezewa msimu: anapalilia. Anafukia mashimo, hakati miti ya mwenye shamba, na mwenye shamba akipita anasimama kumsalimia na kumwonyesha mazao. Anafanya hivyo kwa sababu kuna siku ya kukaa chini na kuongea upya.

Sasa mwambie, msimu huu ni wako wa mwisho, ulime vizuri ulime vibaya, mwakani hupo. Mimi nilidhani hapo sasa atatulia apande mnazi. Jamani, apande mnazi wa nini? Nazi atakula nani? Wengi wataacha kuweka samadi, kwa sababu samadi ya mwaka huu inamnufaisha wa mwakani, na wengine watakata miti wachome mkaa. Wapo waungwana watakaopalilia mpaka siku ya kurudisha funguo za banda, wapo kabisa, lakini hao wanapalilia kwa tabia yao, mkataba hauna mkono hapo. Na lugha yetu ilishaliona hili zamani, manake ngwe ni kipande cha shamba anachopimiwa mtu alime, na ndo neno hilohilo tunalotumia tukisema rais yuko ngwe ya pili, au ngwe ya lala salama.

Ushahidi mzuri kuliko wote nilioukuta umetoka Brazil, na haukuanza kwa ajili ya swali hili kabisa. Mwaka 2003 serikali kuu ya kule ilianza kukagua hela inazozipeleka kwenye manispaa, na ili asilalamike mtu kwamba kaonewa kisiasa, manispaa za kukaguliwa zikawa zinapatikana kwa bahati nasibu, hadharani, mji mkuu Brasília, kwa mipira ya bahati nasibu. Jina likitoka wakaguzi wanafunga safari kwenda kuhesabu. Meya wa Brazil anaruhusiwa kurudi mara moja tu mfululizo, kwa hiyo nchi nzima wakati wowote ina mameya wa aina mbili, anayeweza kugombea tena na asiyeweza, na wote wanakaguliwa kwa kura ya bahati ileile. Watafiti wawili, Claudio Ferraz na Frederico Finan, wakakaa na ripoti hizo na mwaka 2011 wakatoa majibu: mameya wanaoweza kugombea tena walikuwa wanatafuna asilimia 27 pungufu kuliko waliokuwa kwenye muhula wa mwisho. Na tofauti ilizidi pale ambapo wananchi hawapati habari vizuri na mahakama haina meno.

Nilisoma namba hiyo nikarudia kuisoma. Kumbe ile hamu ya kurudi madarakani niliyokuwa naiona ugonjwa ndo ilikuwa kamba iliyowashika mkono.

Sasa tahadhari. Meya sio rais. Meya wa muhula wa mwisho ana njia nyingine za kupanda cheo, rais hana cheo cha kupanda tena. Halafu mtu wa muhula wa pili ana uzoefu zaidi, hata wa kuiba, watafiti hao walijaribu kulitenga hilo na jibu likabaki lakini ni jambo la kukumbuka. Na ukitaka kupima marais wenyewe unakwama kwenye idadi: tangu Marekani iweke ukomo wa mihula miwili kwenye katiba mwaka 1951, waliowahi kuongoza huku wakijua hawaruhusiwi tena ni Eisenhower, Nixon, Reagan, Clinton, Bush mdogo, Obama na Trump. Saba. Huwezi kujenga kanuni juu ya watu saba, tena Nixon hakumaliza, alijiuzulu 1974.

Kwa hiyo nikatafuta nchi iliyojaribu lile jibu langu, muhula mmoja mrefu na huna kurudi. Ipo, ni Mexico. Porfirio Díaz alikalia kiti kile kuanzia 1876 hadi 1911 akiwa amepumzika miaka minne tu katikati, mapinduzi yaliyomwondoa yakabeba kauli ya kura za kweli na hakuna kurudi, na mwaka 1928 Álvaro Obregón aliyekuwa ameshaongoza akashinda tena, akauawa kwa risasi kabla ya kuapishwa. Baada ya hapo hakuna aliyerudi. Kuanzia Lázaro Cárdenas mwaka 1934 rais wa Mexico anakaa miaka sita, akitoka hatoki na tiketi ya kurudi, kwisha.

Je, walitulia kufanya kazi tu? Chama kimoja, PRI, kilishika urais mpaka mwaka 2000, na rais anayeondoka ndiye alikuwa anamnyooshea kidole anayeingia, wenyewe waliita dedazo, kutoka neno lao la kidole. Mpangaji anaondoka lakini shamba linabaki kwa mpwa wake. Basi mchicha ukaendelea kupandwa vilevile, sasa kwa ajili ya mpwa. Ikawa karibu kila miaka sita ikiisha nchi inaingia kwenye shimo: 1976 peso, sarafu yao, ikaporomoka, 1982 ikaporomoka tena na rais José López Portillo akiwa anahesabu miezi ya kuondoka akataifisha mabenki, halafu ikaja 1994 ambayo ndo kubwa.

Mwaka 1994 Carlos Salinas alikuwa mwaka wake wa mwisho. Januari waasi walinyanyuka jimbo la Chiapas, Machi mgombea wa chama chake, Luis Donaldo Colosio, akapigwa risasi Tijuana kwenye mkutano wa kampeni. Wenye mitaji wakaanza kutoa dola zao. Serikali ilikuwa na njia mbili, kushusha thamani ya peso mapema na wananchi wakaumia kabla ya kura, au kuishikilia palepale kwa kutumia akiba ya dola na kukopa madeni mafupi ambayo malipo yake yamefungwa na dola. Wakashikilia. Uchaguzi ukapita Agosti, chama kikashinda, Ernesto Zedillo akaapishwa tarehe 1 Desemba, na tarehe 20 Desemba, siku kumi na tisa tu baadaye, peso ikashushwa thamani, na siku mbili mbele ikaachiwa kabisa. Dola moja iliyokuwa inapatikana kwa peso tatu na nusu hivi ikafika saba miezi michache mbele, uchumi ukasinyaa kwa takriban asilimia 6 mwaka 1995, na Marekani na wakopeshaji wengine wakaja na kapu la kama dola bilioni 50. Watu walipoteza nyumba kwa sababu riba za mikopo zilipaa.

Siwezi kusema uchaguzi peke yake ulileta hayo, risasi za Tijuana na waasi wa Chiapas wangetisha mwenye mtaji yeyote. Lakini mwenye uamuzi wa peso alikuwa mtu ambaye hakuwa anagombea kitu chochote nchini mwake. Na hapa kuna jambo lililonishangaza kuliko yote: Salinas alikuwa anagombea kitu kingine. Shirika la Biashara Duniani lilikuwa linaanza kazi Januari 1995 na ye alikuwa anautaka ukuu wake, Marekani ikimuunga mkono, na wapo waliosema wazi kwamba hakutaka kuonekana rais aliyeangusha sarafu akiwa kwenye maombi hayo. Ndoto ikafia njiani, Machi 1995 akajitoa. Mtu umemfungia mlango wa Ikulu, akaenda kubisha mlango wa Geneva, makao ya shirika hilo.

Kuhusu muda, yaani zile saa anazotumia rais kwenye kampeni, hapo lawama yangu ya zamani ina nguvu zaidi, na Lyndon Johnson, rais wa Marekani kabla ya Nixon, aliijibu vizuri kuliko wote. Tarehe 31 Machi 1968, vita vya Vietnam vikiwa vimemkaba, alitokea kwenye televisheni akapunguza mabomu, kisha akasema hagombei tena kwa sababu haoni sawa kutoa hata saa moja ya muda wake kwa mambo ya chama. Naamini alimaanisha. Mazungumzo ya amani yakaanza Paris mwezi Mei. Lakini tarehe 31 Oktoba aliposimamisha mabomu yote Vietnam Kaskazini, ilikuwa siku tano kabla ya kura, na wapo walioona anambeba makamu wake, Hubert Humphrey, aliyekuwa anagombea. Alishaacha kugombea, uchaguzi ukamfuata mezani.

Mexico wenyewe bado wanahangaika na swali hili. Wabunge na mameya walikuwa wamezuiwa kurudi mfululizo tangu 1933, mwaka 2014 nchi ikabadilisha katiba ikawaruhusu, hoja ikiwa kwamba mtu asiyerudi kwa mpiga kura hana wa kumwogopa isipokuwa bosi wa chama aliyempa nafasi. Rais hawakumgusa. Mwaka 2025 wakabadilisha tena, kuanzia 2030 marufuku inarudi kwa wote.