Sinestesia: hisi moja inapoamsha nyingine

Mtu mwenye sinestesia akiiona 46 kwenye kioo cha matatu ya Kawangware, anajua fika kuwa imeandikwa kwa rangi nyeupe. Hata hivyo, kwake 4 ni ya kijani na 6 ni ya zambarau. Hakuziomba rangi hizo, zimekuja zenyewe, na mwakani zitakuja zile zile. Wapo pia wanaoona rangi wakisikia muziki, na wachache ambao jina la mtu huwaletea ladha mdomoni.

Si ugonjwa, wala si mbwembwe za wasanii. Wengi wenye nayo hukua wakidhani kila mtu yuko hivyo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2006 ulikadiria kuwa watu kama 4 kati ya 100 wana aina fulani ya sinestesia. Kuipima si kazi: mtu hutaja rangi za herufi zote, kisha miezi kadhaa baadaye huulizwa tena ghafla. Mwenye nayo hurudia karibu zote, anayebahatisha hupotea.

Upande wa chini wa ubongo, eneo linalotambua maumbo ya herufi na tarakimu limepakana na linaloshughulikia rangi. Mwaka 2001, watafiti wa ubongo V. S. Ramachandran na Edward Hubbard walipendekeza kwamba kwa watu hawa maeneo hayo yameunganishwa kupita kawaida, pengine kwa sababu njia za neva ambazo hupunguzwa utotoni zilibaki. Wengine husema njia hizo sote tunazo, ila kwao kizuizi kinachozinyamazisha kimelegea. Hoja hii ya pili naiona ina uzito: dawa ya kulevya ya LSD humletea mtu wa kawaida hali inayofanana na hiyo kwa muda, na neva mpya haziwezi kuota kwa saa chache.

Kuchanganya hisi ni kazi ya kila ubongo. Kelele za stendi zikizidi, tunamsikia konda vizuri zaidi tukitazama midomo yake. Tofauti ni kwamba sauti na midomo vyote vipo. Ile kijani ya 4 haipo popote pale nje.

Sinestesia hutembea katika familia, lakini kinachorithiwa ni mwelekeo, si rangi. A ya mama yaweza kuwa nyekundu, ya bintiye bluu. Na rangi zenyewe mara nyingine zina chanzo cha kawaida kabisa: utafiti wa Marekani uliochapishwa 2015 uliwakuta watu ambao rangi za herufi zao zinalingana na za herufi za plastiki za kubandika kwenye friji, zilizouzwa huko walipokuwa watoto.