Hapana, Pango la Amboni Halitokei Mombasa

Jamani, naomba tulimalize hili. Pango la Amboni, hapa Tanga, halitokei Mombasa. Halitokei Kilimanjaro, halitokei Lushoto, wala halipiti chini ya bahari kwenda Pemba. Mimi ni mwongozaji wa wageni hapa, na swali la kama ukiingia humu unaweza kuibukia huko nimelijibu getini, nimelijibu kwenye giza la ndani tochi ikiwa mkononi, nimelijibu hata msibani. Na sasa nimetumiwa video ya kijana anayewaeleza watu, kwa uhakika wote, kwamba njia ya Mombasa ilikuwepo na serikali ikaiziba. Hakuna aliyeziba kitu. Njia yenyewe haijawahi kuwepo.

Kisa mnakijua. Wazungu wawili waliingia na mbwa wao, wao wakapotea, mbwa akaibukia Mombasa. Wengine humwibusha chini ya Kilimanjaro. Kisha huongezwa habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, ambao inasimuliwa walijificha humu miaka ya 1950 wakiwasumbua wakoloni, na kwa kuwa askari walikuwa wakiwakosa, basi lazima kulikuwa na njia ya kutokea mbali. Mtu aliyelizoea pango hahitaji njia ya kutokea Mombasa ili apotelee humu. Anahitaji kuzima mwanga na kunyamaza.

Kutoka Kiomoni, hapa pango lilipo, hadi Mombasa, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 130. Mapango haya yalipopimwa mwaka 1994, mfumo mrefu kuliko yote ulipatikana una mita 900 hivi. Mbishi atanitajia Mammoth Cave ya Kentucky, Marekani, ambayo njia zake zilizopimwa zimepita kilomita 680. Ni kweli, na ndilo pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani. Lakini kilomita zile zimejikunja, njia juu ya njia, chini ya vilima vya eneo lile lile. Huingii huko ukaibukia jimbo la pili. Urefu wa pango na umbali wa kwenda mahali ni mambo mawili, na ubishi mwingi ninaousikia unatokana na kuyachanganya.

Sasa tuyafuate maji, maana pango la chokaa ni kazi ya maji. Mvua inaposhuka huchukua kaboni dioksaidi kidogo hewani, ikapita kwenye udongo wenye majani yaliyooza ikachukua nyingine nyingi, ikawa asidi hafifu. Jiwe la chokaa, lile lile linalosagwa Pongwe kuwa saruji, haliiwezi asidi hiyo. Linayeyuka polepole, kuanzia kwenye nyufa. Ufa unapanuka, maji yanaongezeka, ufa unapanuka zaidi, hadi mtu anapita amesimama. Maji hayo yana haja moja tu: kushuka hadi yakutane na mto au bahari. Hapa Amboni Mto Mkulumuzi uko jirani kabisa na mlango, na bahari haiko mbali. Niambie, kwa nini maji yauache mto ulio karibu, yaiache bahari, yageuke kaskazini yatembee sambamba na pwani kilomita 130, yakipita chini ya Sigi na chini ya Umba, mito ambayo yote inakwenda kumwaga baharini? Yule anayesema pango linakwenda Mombasa hajalieleza hili, na mimi kila nikiuliza naambiwa "lakini wazee wamesema".

Kilimanjaro ndiyo kabisa. Katikati kuna Usambara, na Usambara ni miamba migumu ya kale ambayo maji ya mvua hayaitoboi mapango ya namna hii. Mlima wenyewe ni wa volkano. Lava nayo huacha mapango, kama yale ya Chyulu huko Kenya, lakini hayo yanazaliwa kwa moto: uso wa lava unaganda, ya ndani inaendelea kutiririka, inabaki ganda tupu. Pango la maji na pango la moto hayaungani kwa sababu tu yote mawili ni meusi ndani.

Jambo moja nawapa wabishi, kwa sababu ni haki yao. Kupima pango ni kupima pale mwili wa mtu unapopita. Zipo sehemu humu zimejaa tope na kinyesi cha popo hadi darini, na hewa bado inasikika ikitoka upande wa pili. Mita 900 ni urefu wa njia aliyopita mpimaji, na sitashangaa siku moja tope likiondolewa tukaongeza mamia ya mita. Vibao na vitabu huandika namba kama vile mlango umefungwa na ufunguo umetupwa. Mimi sina uhakika huo. Ila kati ya mamia ya mita na Mombasa pana tofauti kubwa mno, na hiyo sihitaji tope liondolewe ndipo niione.

Kinachoniumiza zaidi hata ya Mombasa ni hii "miaka milioni 150". Utaisikia kila mahali: mapango ya Amboni yana umri wa miaka milioni 150. Waongozaji wenzangu wanaisema, walimu wanaiandika ubaoni, wanafunzi wanainakili. Huo ni umri wa jiwe. Enzi za Jura, yaani hiyo miaka milioni 150 hivi iliyopita, pwani hii ilikuwa chini ya bahari, na magamba na mifupa ya viumbe wa majini vililundikana chini, vikashindiliwa vikawa chokaa. Ndipo, baada ya bahari kurudi nyuma na nchi kuinuka, mvua ikaanza kulila jiwe hilo. Uwazi unaotembea ndani yake leo ni mdogo sana kwa umri kuliko kuta zake. Kisima kilichochimbwa jana kwenye ardhi ya kale hukiiti kisima cha kale, na pango ni hivyo hivyo. Na stalaktiti, zile nguzo za chokaa zinazoning'inia darini, ni changa zaidi, kwa sababu zinaweza kuanza tu baada ya maji kushuka na chumba kubaki na hewa. Tone linatoka darini, linaachia kaboni dioksaidi, linabakiza chokaa kidogo. Kasi hutofautiana sana kati ya pango na pango, hata kati ya tone na tone, lakini makadirio ya kawaida ni milimita 0.1 kwa mwaka. Sentimita moja, miaka mia. Ile unayoishika ili upigwe picha, mafuta ya kiganja chako yanabaki juu yake, chokaa mpya haishiki vizuri tena, na pale inakuwa imekufa.

Hapo ndipo imani ya Mombasa inapoleta hasara. Mgeni aliyekuja kutafuta njia ya Mombasa haangalii dari. Anakwenda mbio vyumba vyote, anafika mwisho, ananiuliza "ndiyo basi?" Vijana wanajipenyeza kwenye matundu ambayo hayana kitu ila popo na hewa chafu, wanawasumbua popo mchana wakiwa wamelala, wanaandika majina yao ukutani ili ijulikane walifika. Wanaporudi nje wanasema Amboni imewavunja moyo, kwa sababu tu haikuwa na urefu walioahidiwa.

Mahali hapapimwi kwa urefu wake. Pango la Hira, pale juu ya Jabal Nur nje ya Makka, lina mita chache tu. Watu wachache wakikaa ndani limejaa. Mahujaji wanapanda mlima ule kwa jasho kwa ajili ya uwazi mdogo kuliko sebule, na hakuna anayeshuka akilalamika kwamba halitokei Madina. Kule Malaysia, kwenye mapango ya Batu, ambayo nayo ni ya chokaa, Wahindu wanapanda ngazi 272 kwenda kuabudu, na mtalii anapanda pamoja nao bila kuuliza pango limeishia wapi. Sisi tuna pango ambamo watu wanasali hadi leo, na bado tunalitangaza kwa hadithi ya mbwa.

Kwenye mzimu, kile chumba cha maombi, utaona vitambaa, sarafu, chupa za marashi, mabaki ya ubani. Mama aliyekaa miaka bila mtoto anakuja hapo. Mtu ambaye hospitali zimemchosha anakuja hapo. Mgeni akifika simwambii ni ushirikina wala simwambii ni kweli. Namwambia azime taa ya kamera, asubiri mwenye haja amalize, asiguse kilichoachwa.

Lakini hapa nina shaka ambayo sijaimaliza. Moshi unaharibu pango. Ufaransa walilifungua pango la Lascaux kwa watalii mwaka 1948, na kufikia 1955 lilikuwa likipokea watu kama 1,200 kwa siku. Pumzi zao, joto lao na taa vilitosha kuleta mwani wa kijani na utando wa chokaa juu ya michoro ya kale, na mwaka 1963 likafungwa. Huko zilikuwa pumzi, joto na taa tu. Hapa kwetu kuna ubani, udi na mishumaa, na ukiinua tochi juu ya mzimu unaona dari imekuwa nyeusi. Kwa elimu yangu ningesema moto usiwashwe kabisa ndani. Lakini wanaowasha walianza kabla ya tiketi, kabla ya geti, kabla ya mimi, na mtalii mwenye viatu vyenye tope na mkono usiotulia anaharibu sehemu nyingi zaidi kuliko mama mwenye chetezo anayekaa sehemu moja. Nikimzuia yeye nikamwachia mtalii, nitakuwa nimelinda jiwe kwa kuwafukuza waliolitunza.

Kwa sasa nawaomba wanaokuja kuomba wafukize kidogo na wazime kabla ya kutoka, na wengi wanakubali. Watalii nawaomba mikono ikae mifukoni, na hao ndio ninaolazimika kurudia.