Si kila mkojo unaochoma ni UTI

Katika zahanati za vyuo vyetu vikuu nchini Tanzania, neno UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, limekuwa jina la kila kinachouma chini ya kitovu. Mwanafunzi anaingia akiwa tayari na jina la ugonjwa, jina la dawa, na chanzo: vyoo vya hosteli.

Vyoo vinasingiziwa. Maambukizi haya kwa kawaida huletwa na bakteria wa utumbo wa mtu mwenyewe, na wasichana huyapata zaidi kwa sababu mrija wao wa mkojo ni mfupi. Kisonono, klamidia na kaswende havikai kwenye sinki la choo vikimsubiri mtu. Hupita kwa kujamiiana. Kwa kijana wa kiume wa miaka 20, UTI ya kawaida ni nadra. Akikojoa kwa maumivu na kutokwa usaha, lazima tufikirie kwanza kisonono au klamidia.

Kinachonisumbua zaidi ni kipimo cha mkojo. Kipimo cha kawaida kinaweza kuonyesha chembe nyeupe za damu nyingi, mtu akaambiwa ana UTI, kumbe ni klamidia ambayo kipimo hicho hakiwezi kuitambua. Anameza siprofloksasini za duka la dawa, maumivu yanapungua, baada ya wiki chache yanarudi. Ndiyo ile "UTI sugu" inayozungumzwa mabwenini. Zaidi ya hapo, katika nchi nyingi kisonono kimeshajenga usugu dhidi ya siprofloksasini, ndiyo maana siku hizi tunategemea sindano ya seftriaksoni. Kwa hiyo ukifika kwa daktari, mwambie wazi kama una mpenzi, kama mlitumia kondomu, na dawa ulizokwisha kumeza. Hatuulizi ili kukuhukumu. Bila majibu hayo tunatibu kwa kubahatisha.

Wapo pia wasiohisi chochote. Wanawake wengi wenye klamidia hawana dalili yoyote, huku vijidudu vikipanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu. Miaka baadaye huja mimba kutunga nje ya kizazi, au ugumba, wakati aliyeambukizwa chuoni ameshaolewa na hakumbuki kuwahi kuumwa. Kaswende nayo huanza na kidonda kisichouma, kinachopona chenyewe ndani ya wiki chache. Kidonda kinapotea, ugonjwa unabaki. Kwa sababu hiyo, nawaomba wapenzi wapya wapime pamoja kabla ya kuanza, siyo mmoja anapoanza kuwashwa.

Wengi wenu mnaogopa mimba kuliko maradhi, nami nawaelewa, maana mimba inaweza kukusimamisha masomo. Lakini P2, vile vidonge vya dharura, huzuia mimba tu. Sindano na vijiti vya uzazi wa mpango pia havizuii maambukizi. Kuacha kujamiiana bado ndiyo kinga iliyo kamili, na anayeichagua asidhihakiwe. Kwa wengine, ni kondomu kila mara. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, usiihifadhi kwenye pochi inayokaliwa kutwa, wala usiipake mafuta ya nazi au ya mgando, kwani hudhoofisha mpira wake.

Ukikutwa na ugonjwa, mpenzi wako naye atibiwe, hata kama anajiona mzima, na msikutane kimwili hadi siku saba zipite baada ya wote wawili kumaliza dawa. Vinginevyo mtaambukizana upya.

Kuhusu VVU, tangu mwaka 2019 sheria yetu inaruhusu mtu kujipima mwenyewe. Jibu likionyesha maambukizi, lithibitishwe kituoni. Na kondomu ikipasuka, au ukilazimishwa, nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo uombe PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tukio la hatari. Huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28. Likitokea Ijumaa usiku, usisubiri zahanati ya chuo ifunguliwe Jumatatu asubuhi. Nenda hospitali yoyote inayofanya kazi usiku.