Nyumba za safu za zama za wafalme George: ukuta wa mbele haujishikilii wenyewe

Ukisimama Bedford Square, London, ukatazama nyumba za matofali zilizoungana upande mzima wa uwanja, utadhani ni jumba moja la kifalme. Ndivyo walivyokusudia waliozijenga katika miaka ya 1770 na 1780. Kazi yangu ni kukagua na kukarabati majengo ya kale, na katika nyumba za aina hii huwa naanza kwa kumweleza mwenye nyumba jambo moja: ukuta wa mbele unaoupenda sana ndio sehemu dhaifu kuliko unavyodhani.

Zama zenyewe ni za wafalme wanne wa Uingereza walioitwa George, 1714 hadi 1830. Mabwana wa ardhi, kama ukoo wa Bedford, hawakujenga wenyewe. Walikodisha viwanja kwa mafundi kwa miaka mingi, mara nyingi 99, na fundi akajenga kwa mkopo akitafuta mpangaji wa kumpokea mkataba. Fedha zilikwenda kwenye kinachoonekana. Palipofichika, fundi alibana matumizi.

Matokeo yake yamo ndani ya ukuta. Tabaka la nje ni matofali mazuri ya bei kubwa, na la ndani ni matofali hafifu. Kinachotakiwa kuyafunga pamoja ni lile tofali linalolazwa kukatiza ukuta, kichwa kikitazama barabarani. Ukihesabu vichwa hivyo kutoka nje unaridhika: ubavu, kichwa, ubavu, kichwa, mstari hadi mstari. Lakini vingi ni nusu tofali tu. Fundi alilikata tofali ghali mara mbili apate vichwa viwili, kwa hiyo halifiki tabaka la ndani. Nimefungua kuta ambazo mkono ulipita kati ya tabaka hizo. Na mara nyingi ukuta huo wa mbele haukuunganishwa vizuri na kuta za ubavuni, zile ambazo nyumba mbili jirani huzitumia kwa pamoja.

Basi nyumba inasimamaje? Kuta za pamoja ndizo zinazobeba mabomba ya moshi na sehemu kubwa ya uzito, na kila nyumba inamwegemea jirani yake. Sakafu za mbao nazo husaidia kuushika uso usitoke nje. Katikati ya nyumba pana kizigeu cha mbao kilichofunikwa fito na lipu. Wengi hukiona si kitu, lakini mara nyingi ndani yake mna mihimili inayobeba sakafu za juu. Ukikitoboa upate sebule pana, sakafu inalala, na ukuta wa mbele unaanza kutoa tumbo.

Kule Bath, mji wa magharibi mwa Uingereza, utengano wa uso na nyumba uliwekwa tangu kwenye mkataba. Royal Crescent, safu ya nyumba iliyopinda kama mwezi mwandamo, iliyojengwa kati ya 1767 na 1775, ina nyumba 30 nyuma ya nguzo 114 za mtindo wa Kiioni. Msanifu John Wood mdogo alichora uso. Mnunuzi alichukua kipande chake, akaajiri mjenzi wake, akajenga nyuma alivyotaka. Zunguka upande wa pili uone: paa zinapishana na madirisha hayalingani. Mimi naupenda upande ule kuliko huu wa picha za watalii.

Sheria nayo imechonga sura ya nyumba hizi. Baada ya moto mkubwa wa London wa 1666, hofu ilikuwa mbao. Sheria ya 1709 ilidai dirisha lirudi ndani ya ukuta kwa inchi 4, na ile ya 1774 ikataka kasha la dirisha la kupandisha lifichwe nyuma ya matofali. Sheria hiyo ya 1774 ilizipanga pia nyumba katika madaraja manne kwa thamani na ukubwa, na kila daraja likapangiwa unene wa kuta zake. Ndiyo maana mitaa ya London inafanana hivyo.

Leo watu wakisikia nyumba inalindwa kisheria hufikiria rangi ya mlango. Kweli, katika miaka ya 1970 mlango mmoja wa njano pale Royal Crescent ulizua mvutano na halmashauri, na mwenye nyumba akashinda. Lakini nchini Uingereza ulinzi unashika jengo zima, ndani na nje, na kulibadilisha bila kibali ni kosa la jinai. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Kubakiza uso na kubomoa vya nyuma ni kuondoa vitu vilevile vinavyoushikilia, kisha chuma kipya kifanye kazi ambayo mbao zilikuwa zikiifanya kwa miaka 200.

Adui mwingine ni saruji. Kuta hizi zilijengwa kwa chokaa, ambayo huruhusu unyevu kutoka. Ukiziba mianya kwa saruji, maji hunaswa, uso wa tofali unabanduka, na mbao zilizozikwa ukutani zinaoza. Wasomaji wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalijua tatizo hili kwenye kuta zao za mawe ya matumbawe.

Kwa hiyo ukinunua nyumba ya namna hii, anzia juu. Nyingi za London zina paa lililoinama kuelekea katikati, na mfereji wake umefichwa nyuma ya ukuta mfupi wa mbele. Majani yakiuziba, maji huingia kwenye ncha za boriti kabla hujaona doa lolote darini. Usafishe kila msimu wa majani kupukutika. Ukuta ukiwa umeshatoa tumbo, usikubali haraka uvunjwe: mara nyingi inatosha kuufunga kwenye sakafu kwa vyuma visivyoshika kutu, na kuziunganisha tabaka zake kwa pini nyembamba zinazopitishwa kwenye viungo vya chokaa. Na zungumza na jirani mapema. Kazi nyingi kwenye ukuta wa pamoja zinahitaji apewe taarifa ya maandishi chini ya sheria ya kuta za pamoja ya 1996, na nyufa za kwake zinaweza kukueleza mengi kuhusu nyumba yako.