Git haihitaji bando

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa kijana wa fildi hapa ofisini Mbeya: "Kaka, nitakomiti kesho, bando limekata." Anaamini Git haifanyi kazi bila mtandao, kwa kuwa anaichanganya na tovuti ya GitHub. Nimeshaisikia kwa wanafunzi wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), kwa watu wazima wanaotengeneza mifumo ya SACCOS, hata kwa wakuu wa vitengo vya TEHAMA. Naiandika hapa ili nikiulizwa tena nitume kiungo.

Git ni programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya kodi, nayo iko ndani ya kompyuta yako. Ukikomiti, yaani ukiingiza mabadiliko yako kwenye historia hiyo, hakuna kinachotoka kwenda popote: mabadiliko yanaandikwa kwenye folda iliyofichwa iitwayo .git, kwenye diski yako mwenyewe. Kusoma historia, kufungua tawi (mkondo wa kazi wa pembeni), kulinganisha toleo la jana na la leo, kuunganisha matawi, kurudi nyuma, yote yanafanyika data ikiwa imezimwa, hata ukiwa ndani ya basi kwenye kona za Kitonga. Mtandao unahitajika pale tu unapopush (kupeleka komiti), unapopull (kuvuta za wenzako) au unapoklone (kuchukua nakala nzima ya mradi) kutoka seva ya mbali.

Anayebisha aangalie miaka. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianza kuiandika Git Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, programu nyingine ya kutunza historia ya kodi. GitHub ilifunguliwa kwa umma 2008. Kwa hiyo miaka mitatu watu walifanya kazi na Git wakati GitHub haipo duniani, na mpaka leo mabadiliko ya kiini cha Linux hutumwa kwa barua pepe. GitHub, ambayo Microsoft iliinunua 2018, ni mahali pa kuweka nakala na kushirikiana. Naitumia kila siku na naipenda, ila ni huduma iliyojengwa juu ya Git.

Kinachoniuma ni kile imani hii inachozaa. Mtu asiye na bando hakomiti, anakopi folda. Ukifungua kompyuta yake unakuta mfumo_mpya, mfumo_mpya2, mfumo_final, mfumo_final_mteja. Muulize ipi inafanya kazi kwa mteja wa Mafinga, ananyamaza kwanza. Bando likipatikana anakomiti kazi ya wiki nzima kwa mkupuo, ujumbe wenyewe "marekebisho". Siku hesabu ya riba inapotoka vibaya, historia haimwambii lolote, kwa sababu kila kitu kilibadilika pamoja. Angekomiti kidogo kidogo, kila komiti na jambo lake, angetumia git bisect: unaionyesha komiti isiyo na kosa na komiti mbovu, nayo inagawa nusu kwa nusu mpaka impate mkosaji. Komiti 1,000 zinamalizwa kwa majaribio kama 10. Hiyo ndiyo faida yenyewe ya chombo hiki, na tunaitupa kwa kusubiri vocha!

Wengine hujitetea kwamba historia itajaza diski. Faili lisilobadilika halihifadhiwi mara ya pili. Komiti mpya inaelekeza kwenye kile kile kilichokwishahifadhiwa, na baadaye Git hufungasha vyote kwa kuvibana. Kinachojaza diski ni video, picha kubwa, na node_modules (folda ya maktaba za JavaScript) ambayo hukuiandika kwenye .gitignore, orodha ya vitu ambavyo Git iviache. Halafu nywila: ukikomiti faili la .env, ambamo nywila za mfumo huwekwa, kulifuta kesho hakuliondoi kwenye historia. Badilisha nywila hiyo leo leo.

Sasa, kukomiti si kuhifadhi nakala. Laptopu ikiibiwa stendi, .git imekwenda nayo. Kwa hiyo push, ndiyo, kila unapopata mtandao. Usipoupata, kuna hii ambayo sijui kwa nini haifundishwi:

git bundle create kazi.bundle --all

Linatoka faili moja lenye historia yote uliyoikomiti. Liweke kwenye flashi, itume kwa basi la Iringa, mwenzako ataliklone kama anavyoklone kutoka seva. Na nakala yake itakuwa kamili, sawa na chipukizi la mgomba wa Rungwe linavyoota mgomba mzima popote linapohamishiwa. Seva ikifungwa kesho, laptopu yoyote yenye nakala hiyo inaweza kuijaza upya.

Ninapositasita ni kwenye umeme. Ukikatika Git ikiwa inaandika, hasa kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, faili ndani ya .git linaweza kubaki na baiti 0, na hazina nzima (mradi pamoja na historia yake) ikaanza kutoa makosa. Tangu toleo la 2.36 la mwaka 2022 kuna mpangilio wa core.fsync, unaoilazimisha Git ihakikishe data imefika diskini kabla ya kusema imemaliza. Nauweka "all" kwenye kompyuta zote ninazoandaa, lakini siwezi kumwapia mtu kwamba unatosha, kwa sababu ziko diski zinazojibu "tayari" wakati data bado iko kwenye kumbukumbu yake ya muda. Nunua UPS kabla ya kununua skrini ya pili.

Mengine ya kazi bila mtandao ni mafupi. Pakua nyaraka za lugha yako ya programu kwenye Zeal, programu ya kusomea nyaraka bila mtandao, uzisome hata minara ikilala. Kwenye Windows, weka mtandao wa simu uhesabiwe kuwa wa kulipia kwa kipimo, masasisho yasile bando lako.

Jambo moja bado linanisumbua: anayeanza afundishwe vitufe vya VS Code (programu ya kuandikia kodi) au amri za kuandika? Vitufe vinamtoa woga haraka. Lakini baada ya kukomiti, kitufe kile kile kinageuka kuwa cha kusawazisha na seva. Anakibonyeza hana mtandao, linatokea kosa, naye anaamini komiti imekataa, ilhali ilishaingia salama. Kwa sasa naanza na amri, nikijua wapo watakaokata tamaa mapema kwa sababu hiyo.