Buibui mrukaji: si wa enzi za dinosaria, wala hakusambazwa na kugawanyika kwa mabara

Mnamjua kwa sura. Yule mdogo wa kijivu anayetembea ukutani mchana kweupe, hana utando, na ukimsogezea kidole anageuka mwili mzima kukitazama. Ukikihamisha kidole, naye anageuka tena. Ana macho manane, na mawili ya mbele ni makubwa kama taa za lori. Huyo ni buibui mrukaji, wa familia ya Salticidae, ambayo ndiyo kubwa kuliko familia zote za buibui: ina zaidi ya spishi 6,000, na haikosekani katika bara lolote isipokuwa Antaktika. Kwa kuwa tumemzoea, tumemzushia mengi, hasa kuhusu alikotoka.

"Ni wa kale, aliishi na dinosaria"

Buibui kwa jumla ni wa kale kweli. Ukoo wao una zaidi ya miaka milioni 300. Ila mrukaji ni kitinda mimba katika ukoo huo. Tazama kaharabu, yaani utomvu wa miti ulioganda ukawa kama jiwe, wadudu wakanaswa ndani. Kaharabu ya Myanmar, yenye umri wa takriban miaka milioni 99, imejaa buibui wa aina nyingi, wakiwemo wenye macho makubwa ya kumhadaa mtazamaji, lakini mrukaji wa kweli hajapatikana humo. Ukija kwenye kaharabu ya Baltiki, ya kama miaka milioni 44, unamkuta, na macho yake yale yale. Dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Vinasaba navyo vinaelekea huko huko: matawi mengi tunayoyaona leo yalichipuka baada ya dinosaria kuondoka.

"Walisambaa mabara yalipogawanyika"

Hii ndiyo dhana ninayoikuta kwa watu waliosoma, na inavutia kwa sababu kwa viumbe wengine ni kweli. Kwa mrukaji hesabu inakataa. Afrika na Amerika Kusini ziliachana takriban miaka milioni 100 iliyopita. Huyu abiria alifika bandarini meli imeshaondoka.

Kilichotokea kinapendeza zaidi. Zamani wataalamu waliwapanga buibui hawa kwa kufanana: wembamba na wembamba wenzao, wanene na wanene wenzao, wanaofanana na sisimizi kapu moja. Halafu, kuanzia miaka ya 2000, mtaalamu wa buibui Wayne Maddison wa Kanada na wenzake walipoanza kusoma DNA, mpangilio ukavurugika. Kundi moja kubwa likaonekana kuwa la Amerika Kusini zaidi, jingine la Australia na visiwa vya jirani, mengine ya Afrika, Ulaya na Asia. Yaani mrukaji mwembamba wa bara moja anaweza kuwa na undugu wa karibu zaidi na mnene wa jirani yake kuliko na mwembamba mwenzake wa ng'ambo. Katika kila bara wachache walifika, wakazaana, na maumbo yale yale yakazuka upya.

Wanaojifanya sisimizi ndio mfano ninaoupenda. Afrika na Asia kuna jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Myrmarachne: kiuno chembamba, mwendo wa kuhangaika, na jozi ya mbele ya miguu ameinyanyua akiitikisa kama vipapasio. Usipohesabu miguu minane, umeshadanganyika. Amerika yuko Synemosyna, mwigaji hodari vilevile, lakini ni wa tawi jingine kabisa. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. (Na la hasha, hakuna hata mmoja wao mwenye undugu na sisimizi. Nimeulizwa hivyo zaidi ya mara moja.)

"Bahari haivukiki na kiumbe mdogo hivyo"

Hawaii ni visiwa vya volkano vilivyoibuka katikati ya Pasifiki, havijawahi kuungana na bara lolote. Hata hivyo wapo warukaji wa huko huko, jenasi ya Havaika. Buibui wachanga wana hila yao: wanapanda mahali pa juu, wanainua tumbo, wanatoa uzi, upepo unawabeba. Wengine huenda husafiri juu ya magogo yanayoelea. Kwa urefu pia hawana mchezo: Euophrys omnisuperstes amepatikana kwenye miteremko ya Everest, mita 6,700 juu ya usawa wa bahari.

Na wengine tuliwabeba wenyewe. Menemerus bivittatus, mmojawapo wa wale wa kijivu wa ukutani, anaaminika kuwa na asili ya Afrika. Leo yuko kwenye kuta za Amerika, Asia na Australia. Hasarius adansoni, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1826, anaishi hata Ulaya kwenye baridi, ila humo amejificha ndani ya nyumba za vioo za kuoteshea mimea. Kreti, vyungu vya maua, mizigo ya meli: hiyo ndiyo tiketi.

"Ana miguu ya panzi"

Hana. Panzi anaruka kwa misuli ya miguu ya nyuma. Mrukaji anasukuma majimaji ya mwilini kwa shinikizo na miguu inanyooka ghafla. Ndiyo maana buibui aliyekufa hujikunja miguu: shinikizo limeisha.

"Kenya kuna buibui anayenyonya watu damu"

Anayesemwa ni Evarcha culicivora. Wakati wenzake wamezagaa dunia nzima, huyu anajulikana kandokando ya Ziwa Victoria tu, Kenya na Uganda, na amechunguzwa sana pale Mbita, mji wa Kenya ulio kando ya ziwa hilo. Damu anaipenda kweli, lakini hana cha kutobolea ngozi yako. Anamkamata mbu jike aliyekwisha shiba damu, na akipewa nafasi ya kuchagua humwendea huyo kabla ya mawindo mengine. Harufu ya watu pia inamvuta: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011, alikaa muda mrefu zaidi palipopulizwa hewa iliyopita kwenye soksi zilizovaliwa.

Wachanga wake ndio wa kutazama. Mbu wa malaria, anofelesi, hutua akiwa ameinua tumbo juu. Kibuibui hamwendei moja kwa moja. Anazunguka, anatokea nyuma, anapenya chini ya lile tumbo lililoinuliwa, halafu anarukia kutoka chini.