Kiti cha mwendo kwenye sinema: ni nini, na kinaudanganyaje mwili?

Kiti cha mwendo ni kiti cha ukumbi wa sinema kinachosogea kwa kufuata yanayotokea kwenye skrini. Gari likikata kona kali, kiti kinalalia upande. Ndege ikipaa, sehemu ya mbele inanyanyuka na mgongo wako unazama nyuma. Farasi akitua baada ya kuruka kizingiti, unapata mshindo mmoja mfupi chini ya mapaja, kisha basi.

Kisichanganywe na kiti kinachotetemeshwa na sauti. Mtikisiko wa sauti ni wa zamani zaidi: mwaka 1974 filamu ya Kimarekani iitwayo Earthquake ilionyeshwa kwa mfumo wa Sensurround, uliotumia spika kubwa za besi nzito hata mtazamaji akaisikia ardhi ikitikisika mwilini mwake. Ila besi haichagui. Mlipuko utakutikisa, na muziki mzito nao utakutikisa vilevile. Kiti cha mwendo hakiendeshwi na sauti. Kina maelekezo yake, yaliyoandikwa kwa ajili ya filamu ile tu, yanayokwenda sambamba na picha.

Chini yake kuna mota za umeme zinazosukuma nguzo fupi juu na chini. Zikisukuma zote, kiti kinapanda. Za mbele zikisukuma peke yake, unaegemea nyuma. Za upande mmoja zikisukuma, unainamia upande wa pili. Safari yote hiyo mara nyingi ni ya sentimita chache. Sasa sentimita chache zinawezaje kumfanya mtu ahisi anaporomoka mlimani?

Jibu liko ndani ya sikio. Kila sikio la ndani lina mifereji mitatu midogo ya nusu duara yenye majimaji, inayotambua kichwa kinapogeuka, na vifuko viwili vyenye chembechembe za chokaa vinavyotambua mwili unaposukumwa au kuinama. Viungo hivi havipimi kasi. Vinachotambua ni mabadiliko ya kasi. Ukipanda lifti, unaihisi inapoanza na inapokaribia kusimama. Katikati ya ghorofa, ikienda kwa kasi isiyobadilika, ni kama umesimama sakafuni. Kwa hiyo kiti hakina haja ya kukusafirisha popote. Kinakupa mwanzo wa mwendo, ule msukumo wa kwanza, halafu kinarudi katikati polepole kiasi kwamba hutambui. Macho, yanayoliona gari likizidi kukimbia, yanaimalizia safari. Mbinu hii ilitumika kwanza kwenye mitambo ya kufundishia marubani wakiwa ardhini.

Kazi kubwa, kwa maoni yangu, haiko kwenye mota. Iko kwa mtu anayeandika mwendo. Anaitazama filamu picha kwa picha na kuamua kiti kifanye nini, na swali linalomsumbua ni hili: mtazamaji ni nani katika tukio hili? Chukua gari linalofukuzwa. Kamera ikiwa ndani, kando ya dereva, wewe ni abiria, na kila kona ni yako. Mara picha inakatwa, tunaliangalia gari lilelile kutoka juu, kwenye helikopta. Kiti kikiendelea kurukaruka na mashimo ya barabara, mwili unakataa, kwa sababu macho yako hayapo tena barabarani. Mwandishi mzuri hapo hutuliza kila kitu na kubakiza mtetemo hafifu wa helikopta. Mimi humpima kwa namna anavyotumia utulivu. Kiti kikitulia kabisa watu wawili wanapozungumza chumbani, kisha mlango ukavunjwa, mshtuko ule unaupata wote. Kikiwa kinatingishika tangu dakika ya kwanza, mwili unazoea na hakuna kinachobaki cha kushtua.

Mwaka 2009 viti hivi viliingia kwenye kumbi za biashara kwa njia mbili tofauti. D-BOX, kampuni ya Kanada, huweka viti vyake kwenye baadhi ya safu za ukumbi wa kawaida, na mkononi mwa kiti kuna kitufe cha kupunguza au kuongeza nguvu. 4DX ya Korea Kusini inauchukua ukumbi mzima: pamoja na mwendo kuna upepo, matone ya maji, harufu, ukungu na mimweko ya taa. Viti vyake vimeunganishwa vinne vinne na husogea pamoja. Maji unaweza kuyazima kwa kitufe chako.

Kichefuchefu huja macho na sikio yanapotoa taarifa zinazopingana. Ndiyo maana baadhi ya watu hutapika wakitazama kamera inayoyumba ilhali wameketi kwenye kiti kisichosogea kabisa. Mwendo ulioandikwa vizuri unaweza kupunguza mvutano huo. Ukichelewa nyuma ya picha hata kidogo, unauongeza. Mwenye mimba, mwenye matatizo ya mgongo, shingo au moyo, asome tangazo la ukumbi kabla ya kukata tiketi, kwani kwa kawaida hao hushauriwa wasikae hapo.

Kama unataka kuvijaribu, chagua filamu yenye magari, ndege au bahari. Filamu ya mazungumzo itakula hela yako bure, kiti kitakuwa kimelala muda mwingi. Kinywaji cha moto kiache nje. Penye kitufe cha nguvu, anzia chini, na upandishe baada ya tukio la kwanza la kasi, mwili ukishakielewa kiti.